Abasia Zilizovuliwa Paa: Safari ya Fountains na Jirani Zake

Jumatatu, York

Shangazi alinipokea kituo cha treni cha Leeds, koti la mvua mwilini, kilemba cha kitenge kichwani. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu. Hiyo sweta haitoshi, baridi ya huku haina mzaha." Ameishi Leeds tangu alipokuja kusomea uuguzi, na gari lake dogo analiendesha kama mtu anayejua kila kona ya Yorkshire. Kabla ya saa sita tulikuwa York.

Safari hii nimeitaka kwa sababu ya kanisa moja: Fountains, abasia (nyumba kubwa ya wamonaki) ya shirika la Wasistersiani, iliyoanza mwaka 1132 na kufungwa mwaka 1539. Kanisa hilo lilipitia njaa, moto, tauni na vita, likasimama miaka mia nne. Halafu likamalizwa kwa muda mfupi sana. Nataka kuelewa lilimalizwaje.

Ila habari za Fountains huanzia hapa York, kwenye bustani iliyo kando ya mto Ouse, ambako ukuta wa kanisa la Mtakatifu Maria bado umesimama na madirisha yake matupu. Hii ilikuwa abasia tajiri ya Wabenediktini. Mwaka 1132 baadhi ya wamonaki wake, wakiongozwa na priori Richard, msaidizi wa abati, walianza kusema kwamba humo ndani Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inasomwa tu, haifuatwi. Walitaka chakula cha kawaida, ukimya, na kazi ya mikono. Abati Geoffrey, mzee wa watu, hakutaka kubadili desturi alizozikuta. Mwezi Oktoba askofu mkuu wa York, Thurstan, alikuja kusuluhisha, akazuiwa mlangoni, vurugu zikazuka, na mwishowe akaondoka nao. Walikuwa kumi na watatu. Walitoka na nguo za mwilini.

Shangazi alisimama muda mrefu akiutazama ule ukuta. Amekulia Peramiho, kusini mwa Tanzania, chini ya kengele ya Wabenediktini, na baba yake alikuwa fundi seremala wa abasia. "Kwetu mtu akigombana na abati," alisema, "anahamishiwa misheni ya mbali."

Jioni tuliingia kanisa kuu la York. Hili halikuvunjwa, kwa kuwa lilihudumiwa na makanoni, yaani mapadri wa kanisa kuu, siyo wamonaki, na amri za mfalme Henry VIII zilizofunga abasia karne ya 16 zililenga nyumba za watawa. Upande wa kaskazini kuna madirisha matano marefu na membamba yaliyopangwa pamoja, kila moja likipita mita 16, ya kioo cha rangi ya kijivu na kijani cha karne ya 13. Yanaitwa Dada Watano. Tangu mwaka 1925 ni ukumbusho wa wanawake wa Uingereza na makoloni yake waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Shangazi kama muuguzi hakutaka kuondoka pale.

Jumanne, Ripon hadi Fountains

Ripon ni mji mdogo. Chini ya kanisa lake kuu kuna chumba cha mawe alichokijenga Mtakatifu Wilfrid mwaka 672, na tuliteremka kwa kuinama. Hatukukaa, nilikuwa na haraka ya kwenda bondeni.

Kutoka mjini hadi Fountains ni kilomita tano na ushei. Tuliacha gari tukapita kwa miguu kwenye mbuga ya Studley Royal, yenye swala wengi, kisha kando ya mabwawa ambayo John Aislabie aliyachimba karne ya 18 kupamba shamba lake. Mwanawe William alinunua magofu mwaka 1767, akayafanya kuwa kitu cha kuburudisha macho ya wageni mwisho wa matembezi. Lazima niseme ukweli: bustani ni nzuri, lakini iliniudhi. Kanisa la watu waliokesha kusali limegeuzwa pambo la bwawa la tajiri. Halafu njia ikapinda, bonde likafunguka, na mnara ukasimama mbele yetu, na nikasahau kuudhika.

Hapa ndipo Thurstan alipowaleta wale kumi na watatu, siku mbili baada ya Krismasi ya 1132. Lilikuwa bonde la miiba na mawe kando ya kijito cha Skell. Walilala chini ya miamba, kisha chini ya mti mmoja mkubwa wa elmi walioufanya kuwa nyumba. Walimwandikia Mtakatifu Bernard, abati wa Wasistersiani wa Clairvaux huko Ufaransa, wakiomba kupokewa na Wasistersiani, naye akawatumia mmonaki mzoefu awafundishe kujenga na kuishi. Mwaka mmoja njaa ilikaza mpaka wakachemsha majani ya ule mti pamoja na mboga za porini.

Haya tunayajua kwa sababu mzee mmoja aliyasimulia. Aliitwa Serlo, mmonaki wa Kirkstall, abasia iliyoanzishwa na wamonaki wa Fountains, ambayo magofu yake yako Leeds kwenyewe, kwenye barabara ambayo shangazi hupita kwenda sokoni. Mwanzoni mwa karne ya 13, akiwa na umri unaokaribia miaka mia, alimweleza kijana Hugh naye akaandika. Ndani ya simulizi hiyo kuna siku maskini alipopiga hodi akiomba mkate kwa jina la Kristo. Mlinda lango akasema hakuna. Yule mtu akarudia. Katika nyumba nzima kulikuwa na mikate miwili na nusu, nayo ilikuwa ya mafundi seremala. Abati akaagiza apewe mmoja, akisema mafundi wabaki na mmoja na nusu, wamonaki Mungu atawaona. Baada ya muda mfupi mkokoteni wa mikate ukaingia, umetumwa na bwana wa ngome ya Knaresborough aliyesikia shida yao.

Nilimsomea shangazi kisa hicho tukiwa tumekaa kwenye nyasi penye lango. Akanyamaza, kisha akatoa maandazi kwenye mkoba wake tukala.

Jumatano, Fountains tena

Tumerudi asubuhi, geti lilipofunguliwa tu. Jana nilitazama, leo nilitaka kusoma mawe.

Anza na ghala, lililo magharibi. Ni ukumbi mmoja wenye urefu unaokaribia mita 90, na nguzo fupi za katikati zinazochanua juu na kuwa matao, moja baada ya jingine mpaka jicho linachoka. Matao haya hayajaanguka, na popo wanaishi humo. Juu yake lilikuwa bweni la mabruda walei. Ningependa kila anayekuja hapa aanze nao hao, maana vitabu vingi hutaja maabati tu. Walikuwa watu wa mashambani, wengi hawakujua kusoma, na kanuni haikuwaruhusu kuwa wamonaki wa kwaya. Waliweka nadhiri, wakavaa nguo zao za kahawia, wakasali Baba Yetu kwa moyo badala ya zaburi, na walikuwa na sehemu yao kanisani, nusu ya magharibi, nyuma ya kizuizi. Wao ndio waliochunga, waliochimba mawe ubavuni mwa bonde, waliopitisha mto chini ya majengo kwa mifereji inayofanya kazi mpaka leo. Kinu cha nafaka cha karne ya 12 nacho kipo, kimesimama kwa miguu yake.

Utajiri wa Fountains ulitokana na kondoo. Mfanyabiashara wa Firenze aliyeorodhesha sufu ya abasia za Uingereza karne ya 14 aliandika kwamba Fountains hutoa magunia 76 kwa mwaka, na gunia moja la sufu lilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 165. Wale waliokula majani ya elmi wakawa, ndani ya vizazi vichache, wauzaji wa sufu kwa Waitalia. Waliuza hata manyoya ya miaka ijayo, wakachukua fedha kabla kondoo hawajazaliwa, na ugonjwa wa kondoo ulipoingia wakajikuta na madeni. Ninalitaja bila kuwahukumu. Kulisha nyumba ya mamia ya watu si jambo dogo.

Ingia kanisani sasa. Nguzo za mviringo zimesimama safu mbili, nene, bila pambo lolote, kama Wasistersiani wa kwanza walivyotaka. Zilijengwa baada ya moto. Katikati ya miaka ya 1140 abati Henry Murdac alipinga askofu mkuu mpya wa York, William, na watu wa William wakaja na silaha kumtafuta. Wakapora, wakachoma moto. Simulizi inasema Murdac alikuwa amejilaza kifudifudi mbele ya altare, wasimwone. Wamonaki wakaanza kujenga upya, kwa ukubwa zaidi.

Shangazi alinikumbusha ya kwao. Mwaka 1905, wakati wa Majimaji, misheni ya Peramiho ilichomwa, na mwezi mmoja kabla yake askofu Cassian Spiss aliuawa njiani pamoja na wenzake. Babu yake alisimulia majivu. Wamisionari walirudi, wakajenga, na leo abasia ina kanisa kubwa la matofali. "Moto hauui abasia," alisema. Nikaandika maneno yake kwenye daftari, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nikizungukazunguka bila kuyapata. Tauni ya 1348 na 1349 nayo haikuiua, ingawa mabruda walei walipungua mpaka mashamba yakakodishwa.

Upande wa mashariki kuna kanisa dogo la altare tisa, la karne ya 13, jepesi na refu, ambalo dirisha lake kubwa sasa ni uwazi. Juu ya dirisha moja ufa ulitokea, na karne ya 15 abati John Darnton akauziba kwa jiwe lenye sura ya malaika. Yupo bado. Kisha ule mnara, kazi ya Marmaduke Huby, abati tangu 1495 hadi 1526, unaokaribia mita 50. Wasistersiani wa mwanzo walikatazwa minara mirefu ya kengele. Huby aliuzungushia maandishi ya Kilatini ya kumtukuza Mungu peke yake. Alipokufa, hakuna aliyejua kwamba imebaki miaka 13.

Niliyajibu maswali yangu mwenyewe nikiwa nimekaa chini ya mnara huo. Mwaka 1535 maofisa wa Henry VIII waliandika mapato ya kila nyumba ya watawa, na Fountains ilionekana kuwa tajiri kuliko zote za Wasistersiani nchini, zaidi ya pauni 1,000 kwa mwaka. Mwaka uliofuata wakaguzi Layton na Legh walimlazimisha abati William Thirsk kujiuzulu, wakamsimika Marmaduke Bradley. Nyumba ndogo zikafungwa kwa sheria. Watu wa kaskazini wakainuka Oktoba 1536, maelfu kwa maelfu, wamebeba bendera ya Majeraha Matano ya Kristo, wakiongozwa na mwanasheria Robert Aske. Waliuita mwendo wao Hija ya Neema. Mfalme aliahidi kuwasikiliza, wakatawanyika, kisha akawanyonga viongozi. Aske alitundikwa kwa minyororo York mwaka 1537. Mzee Thirsk alinyongwa London mwaka huohuo. Tarehe 26 Novemba 1539 Bradley na wamonaki wake walisaini karatasi katika chumba cha mkutano. Yeye alipewa pensheni ya pauni 100 kwa mwaka. Siku tatu baadaye ikasaini abasia mama ya York.

Hakuna aliyechoma kitu. Walichukua paa. Mapaa haya yalifunikwa kwa mabamba ya madini ya risasi, nayo yalikuwa mali ya thamani, ya mfalme. Kengele ziliyeyushwa pia. Mvua ya Yorkshire ilifanya iliyobaki. Sir Richard Gresham, mfanyabiashara wa London, aliinunua mwaka 1540, na mwishoni mwa karne hiyo mwenye shamba mpya, Stephen Proctor, akajenga jumba lake la Fountains Hall kwa mawe ya abasia. Jumba lipo karibu na lango. Mtu ukijua mawe yametoka wapi huwezi kulisifu.

Kabla hatujatoka shangazi alisimama mahali ilipokuwa kwaya, akaimba Salamu Malkia kwa Kilatini, ile nyimbo ambayo Wasistersiani mpaka leo hufungia siku kabla ya kulala. Mtoto mmoja mzungu alikuja akasimama karibu mpaka alipomaliza.

Alhamisi, Rievaulx

Mvua usiku kucha, ikakatika tulipofika Helmsley. Kutoka hapo kuna njia ya miguu ya kama kilomita tano kupitia msitu.

Rievaulx, abasia nyingine ya Wasistersiani, imebanwa na milima kiasi kwamba kanisa halikuweza kuelekea mashariki kama ilivyo desturi. Limelala karibu kaskazini na kusini. Ilianzishwa mwaka 1132 hiyohiyo, na wamonaki waliotumwa na Bernard kutoka Clairvaux, kwenye ardhi ya Walter Espec. Mtu wangu hapa ni Aelred, abati tangu 1147 hadi alipofariki mwaka 1167. Aliugua viungo miaka mingi, akajengewa kijumba karibu na chumba cha wagonjwa, na ndugu walikuwa wakiingia ishirini au thelathini kwa pamoja, wakikaa hata juu ya kitanda chake, wakizungumza. Mwandishi wa maisha yake anahesabu chini yake wamonaki 140 na mabruda walei 500. Sehemu ya kanisa penye altare, yenye safu tatu za matao ya karne ya 13, imebaki karibu kamili hadi ukingoni mwa paa. Ni zuri kuliko Fountains, na nasema hivyo nikijua shangazi hakubaliani nami.

Rievaulx ilisalimishwa Desemba 1538. Kwenye jumba la makumbusho nilikutana na habari iliyonirudisha York. Katika miaka ya 1920, wafanyakazi waliokuwa wakiondoa kifusi upande wa magharibi wa kanisa walikuta mikuo ya risasi yenye muhuri wa Henry VIII. Ilikuwa imeyeyushwa, ikapigwa chapa, ikasubiri kuchukuliwa, kisha ukuta ukaiangukia na ikalala hapo karibu miaka 400. Ikapelekwa York, ikatumika kuunganisha vioo vya Dada Watano. Kwa hiyo vile vioo alivyovikodolea shangazi Jumatatu vimeshikwa na paa la Rievaulx.

Usiku nilikuwa nikisoma juu ya Roche, abasia nyingine ya Wasistersiani kusini mwa Yorkshire. Padri Michael Sherbrook, wa parokia ya karibu, aliandika baadaye jinsi viti vya kwaya vilivyovunjwa vikawa kuni za kuyeyushia risasi, na majirani wakabeba kila kilichobebeka, hadi vitasa. Alimuuliza baba yake, aliyenunua sehemu ya mbao za kanisa, kama aliwaona wamonaki kuwa watu wabaya. Baba akasema hapana, hakuwa na sababu ya kuwaona hivyo. Basi kwa nini ulinunua? Akajibu kwamba aliona vyote vinaondoka, akafanya kama wengine. Nimelisoma jibu hilo mara nyingi leo. Mfalme nilimwelewa haraka. Huyu baba ndiye anayenisumbua.

Ijumaa, Byland na Ampleforth

Abasia ya Byland tumeipitia asubuhi. Mwanzoni wamonaki wake walijenga karibu sana na Rievaulx, kila nyumba ikisikia kengele za mwenzake mchana na usiku mpaka ratiba za sala zikavurugana, wakahama mwaka 1147. Uso wa magharibi wa kanisa walilojenga baadaye una nusu ya chini ya dirisha la duara lenye upana wa mita nane, nusu ya juu haipo. Tulipiga picha, tukaondoka.

Kilomita chache mashariki kuna Ampleforth, na hapa wamonaki wapo. Ni Wabenediktini. Kanisa lao kubwa, lililochorwa na Giles Gilbert Scott, lilikamilika mwaka 1961. Masifu ya jioni yalikuwa yanaanza. Tukaingia, tukakaa nyuma. Zaburi zilipokezanwa pande mbili za kwaya, mwendo uleule wa Peramiho, na shangazi alikuwa akiinama kwenye kila Atukuzwe bila kutazama wengine.

Namna walivyofika hapo ni hii. Malkia Mary alifungua tena abasia ya Westminster mwaka 1556, ikafungwa mwaka 1559 chini ya dada yake Elizabeth. Mmoja wa wamonaki wake, Sigebert Buckley, alifungwa magereza kwa miaka mingi. Mwaka 1607, mzee wa miaka ipatayo 90, wa mwisho aliyebaki hai, aliwawekea mikono mapadri wawili Waingereza na kuwapokea katika jumuiya yake ya Westminster. Kutoka kwao jumuiya ikaundwa Dieulouard, Lorraine, mwaka 1608. Mapinduzi ya Ufaransa yakawafukuza. Mwaka 1802 wakafika Ampleforth, kilomita chache tu kutoka yale magofu.

Baada ya sala mmonaki mzee alitusalimia mlangoni, akauliza tumetoka wapi. Shangazi akamwambia Songea, Peramiho. Akauliza kama wapo vijana wanaoingia novisiati, yaani malezi ya kuanza utawa. "Wapo," alisema shangazi, "na abasia ya Hanga ni ya Waafrika wenyewe tangu zamani." Mzee akamwomba amwandikie majina ya nyumba zote mbili apate kuziombea, na shangazi akamwandikia, pamoja na Ndanda, abasia nyingine ya kwetu, kwenye karatasi ya zaburi.